Kukuziwa Aliyesubiri Jibu

Kila baada ya swala ya Alasiri, kuanzia Novemba hadi Machi, watu wa mtaa wa Iftin walibeba majerikeni matupu, wakaenda kuyakalia kando ya shimo la maramu na kusikiliza ndege. Shimo hilo lilichimbwa na watu wa barabara, wakachukua udongo walioutaka, wakaondoka na matingatinga yao. Mafuriko ya El Nino yalipopita Garissa yalilijaza, na halikukauka tena. Matete yakaota, mafunjo yakafuata, na mathenge, miti ya miiba ambayo haijawahi kungoja kukaribishwa, ikazunguka ukingo. Wanaume walikaa upande wa barabara, wanawake upande wa tangi la maji. Simu zilizimwa. Mwenye kikohozi alikaa nyuma kabisa.

Ndege waliyemfuata ni kukuziwa mwenye madoa, kiumbe mdogo wa rangi ya udongo, miguu ya kijani, mdomo mfupi wa njano, anayekimbia theluji ya nchi za kaskazini na kuja kujibanza kwenye matete ya watu wengine. Hujificha vizuri mno. Anaweza kupita kati ya mabua mawili bila kutikisa hata moja, na mtu anaweza kukaa naye msimu mzima asione hata unyoya wake. Zamani aliyemjali alikuwa mmoja tu, Mwalimu Aden, mstaafu wa bayolojia, aliyekuwa na darubini ya miguu mitatu na tabia ya kungoja asalimiwe kwanza.

Vitabu vya Mwalimu Aden vinasema kukuziwa akiwa ugenini hukaa kimya. Wa Iftin hawakukaa kimya. Msimu wa kwanza baada ya mafuriko walianza kutaja nasaba. Jua likikaribia kuzama, ndege mmoja, kutoka katikati ya matete, angetaja jina la baba, kisha la babu, kisha la baba wa babu, kwenda juu, jinsi kila mtoto wa Kisomali anavyofundishwa abtirsi yake, majina ya wazee wake, kabla hajajua kufunga viatu. Sauti ilikuwa ya mwanamume mzima, imefifia kidogo, kama ya mtu aliyefunikwa kitambaa usoni, hata isitambulike ni ya nani. Akimaliza alinyamaza, na mwingine akaanza upande wa pili.

Nasaba zilizotajwa zilikuwa za wanaume waliochukuliwa na gari jeupe. Jambo hili lilijulikana siku ya kwanza na halikumchukua mtu muda kulielewa. Gari hilo halikuwa na namba, na waliopanda ndani yake hawakurudi, na kila ofisi iliyoulizwa ilisema waulizwe wengine. Sasa walau palikuwa na mahali pa kwenda. Aliyesikia nasaba ya mtu wake alijua kwamba amekufa, akaenda nyumbani kuanza matanga. Aliyetoka shimoni bila kusikia kitu alishukuru Mungu, akarudi kesho yake na roho mkononi. Sheikh wa mtaa alisema ushahidi wa ndege haupokelewi, lakini hakuona mahali palipomkataza mama kulia.

Gari jeupe nalo lilikuja jioni. Liliegeshwa ng'ambo ya maji, chini ya mathenge, vioo juu. Waliokuwamo walikuwa na darubini nzuri kuliko ya Mwalimu, lakini hawakuwaangalia ndege. Waliwaangalia watu. Abdiqani, muuza chai wa karibu na msikiti, aliposikia nasaba yake ikitajwa na ndege aliyekuwa kaka yake mkubwa, alisimama juu ya jerikeni akapiga kelele kuelekea ng'ambo. Alichukuliwa juma hilohilo. Kabla msimu haujaisha, ndege wawili walikuwa wakitaja nasaba moja, na watu wa Iftin wakajifunza kufiwa wakiwa wameketi. Mama angesikia baba wa mwanawe akitajwa, na babu, na wazee wote mpaka mwisho, na mikono yake ingebaki pale magotini, na uso wake ukiangalia maji. Angeinuka wengine wakiinuka.

Msimu wa pili, mama mmoja kutoka Diff aitwaye Hawo alikwenda shimoni na wake wawili wa wanawe wawili. Wote watatu waliishi nyumba moja ya mabati nyuma ya duka la unga, karibu na shimo kiasi kwamba upepo ukigeuka, vyura walisikika uani. Mke wa mkubwa, Warsame, aliitwa Deka. Mke wa mdogo, Najib, aliitwa Ilhan. Warsame na Najib walikuwa madalali wa mbuzi. Mwezi wa Julai, siku ya mnada, gari jeupe liliwachukua wote wawili mbele ya mbuzi waliokuwa wakiwauza. Mbuzi walirudishwa nyumbani na watu wema. Septemba Ilhan alijifungua msichana, akamwita Safiyo, jina ambalo Najib alikuwa amelichagua.

Walikaa kwenye majerikeni yao. Jua lilikuwa limegusa mathenge. Kutoka kwenye matete ya upande wa tangi, sauti ikasema: "Alio. Gelle. Roble. Hirsi. Guled." Ikaendelea mpaka juu kabisa, ikanyamaza.

Alio alikuwa marehemu mume wa Hawo. Gelle alikuwa baba mkwe wake. Hawo hakusogea. Alingoja mpaka ndege wengine walipomaliza zamu zao, akangoja tena mpaka giza lilipoanza kuingia, akisikiliza kama nasaba ile itatajwa mara ya pili kutoka mahali pengine. Haikutajwa.

"Mmoja," alisema wakiwa njiani kurudi.

Wake wale wawili walitazamana, kisha kila mmoja akatazama kwingine. Maana ndege hawa walikuwa na kasoro moja. Hawakutaja majina yao wenyewe. Walianza na baba. Mwalimu Aden alidhani ni kwa sababu mtu akiulizwa jina lake muda mrefu katika chumba kibaya, mwisho hulichoka. Kwa familia nyingi hilo halikuwa tatizo. Kwa nyumba ya Hawo, ilikuwa na maana kwamba mtoto wake mmoja amekufa na mmoja huenda yu hai, na hakuna aliyejua yupi ni yupi. Usiku ule Deka aliomba, kichwa chini kwenye sijda, aliyekufa awe ni Najib. Kisha akaomba msamaha kwa kuomba hivyo. Kisha akaomba tena.

Njia ilikuwa moja, kumwona ndege. Walionusurika kukata tamaa mwaka uliotangulia walisema ndege hubaki na alama ya mwenyewe. Osob wa genge la mboga alimtambua mumewe kwa jicho moja lililopofuka. Warsame naye alikuwa na alama. Alipokuwa kijana kisimani, huko kusini mwa Wajir, kamba ya ndoo ilijizungusha kwenye mguu wake wa kushoto, na kidole cha kati kikabaki kwenye kamba. Najib hakuwa na kasoro yoyote mwilini, jambo ambalo mama yake alizoea kumtania nalo.

Ilhan alikuwa na mtoto mchanga, na pia aliogopa matete. Kwa hiyo aliyetumwa ni Deka. Alimwendea Mwalimu Aden, akakumbuka kumsalimia kwanza.

"Maalim, nataka kuona hiyo ndege yetu," Deka alimwambia kwa Kiswahili, kwa sababu Mwalimu, japo alikuwa Msomali kama yeye, mambo ya ndege alipenda kuyazungumza kwa Kiswahili cha darasani.

"Usimtafute ndege," Mwalimu Aden alisema. "Ukimtafuta, macho yako yatatembea, na yeye huona macho yanayotembea. Chagua mahali tete linapokutana na tope, uangalie hapo tu. Yeye ndiye atakayekuja."

"Na kama imekuja mahali ingine?"

"Basi utakuwa umeangalia tope siku nzima. Mimi nimeangalia tope miaka ishirini. Halijaniua."

Deka alichagua kona ndogo ya tope upande wa tangi. Alikwenda baada ya Alfajiri na akarudi tena Alasiri. Aliwaona ndege wengine wote. Vitwitwi walipita mbio wakidonoa. Yangeyange walisimama kama wenye hati ya shimo. Marabu walikuja kutoka jalalani, wakaangalia, wakarudi jalalani. Kukuziwa alimsikia tu. Wakati mwingine sauti ilitoka karibu kiasi kwamba angeweza kuigusa kwa fimbo, "Alio, Gelle, Roble," na hakuna tete lililotikisika. Hofu yake ilikuwa ya namna mbili, na zilipeana zamu. Asubuhi aliogopa kwamba hatamwona. Jioni aliogopa kwamba atamwona. Na wakati wote, ng'ambo ya maji, gari jeupe lilikuwa pale, kioo cha mbele kikimeremeta jua lilipokigusa.

Asubuhi moja alikuta nyayo. Binti wa wafugaji hahitaji darubini kwa nyayo. Deka, akiwa mdogo, aliweza kutofautisha ngamia wa baba yake na wa jirani kwa unyayo uliopita juzi kwenye mchanga. Nyayo hizi zilikuwa mbichi, ndefu na nyembamba, zikipita ukingoni kutoka tete hadi tete. Mguu wa kulia ulikuwa na vidole vitatu mbele. Mguu wa kushoto ulikuwa na viwili, na katikati yake tope halikuguswa.

Aliinama akaangalia kila unyayo wa kushoto, akitumaini kwamba mmoja utakuwa na kidole kilichokosekana. Hakuna uliokuwa nacho. Akaangalia nyuma. Mwalimu Aden alikuwa mbali, akifuta vioo vyake kwa kanzu. Deka akanyoosha mguu, akafuta nyayo zote kwa kandambili yake, moja baada ya nyingine, mpaka tope likawa tope tu.

"Umeona kitu?" Mwalimu aliuliza.

"Bado," Deka alisema.

Nyumbani, Ilhan alikuwa akimngoja mlangoni, mtoto begani. Hakuuliza kwa mdomo. Deka alitikisa kichwa na kuingia ndani. Ilhan ndiye aliyekuwa akiosha viatu vya nyumba nzima kwenye bomba kila siku kabla ya swala. Alichukua kandambili za Deka. Moja ilikuwa safi. Nyingine ilikuwa na tope zito upande mmoja, tope la mtu aliyekwangua chini. Aliiangalia kwa muda, kisha akaiosha, akaianika.

Deka hakuwa mwanamke mbaya, na hakuwa na mpango wowote. Alitaka siku chache tu. Maadamu hajasema, Warsame alikuwa hajafa kikamilifu, na yeye alikuwa bado mke, japo mke wa mtu asiyejulikana aliko. Kila asubuhi aliamka mapema zaidi, akafika shimoni kabla ya Mwalimu, akafuta nyayo. Kila alipofuta alijisikia vibaya, na hali hiyo aliizoea upesi kuliko alivyotarajia.

Ambaye hakuzoea ni Ilhan. Akiamini kwamba Deka amefuta kitu kwa kumhurumia yeye, alianza kushona upya shuka jeupe la mjane, akifumua na kushona palepale. Hakula. Siku moja Safiyo alinyonya, akaacha, akalia, akanyonya tena, akalia zaidi. Ilhan alijikamua kwenye kikombe na hakikutoka kitu. Maziwa ya ngamia mtoto aliyatema. Alilia siku nzima, na ilipofika jioni kilio chake kilikuwa kidogo na kikavu, na nyumba nzima ilikuwa ikikisikiliza.

"Nimeshaona ngamia akikauka namna hii," Hawo alisema. "Alikuwa amesikia fisi. Fisi hakuja, lakini alikauka." Alimgeukia Deka. "Abaayo, hakuna ulichokiona mpaka leo?"

"Hakuna, hooyo," Deka alimjibu mama mkwe wake.

Hawo aliendelea kumwangalia, na Deka akasema anakwenda kutawadha.

Kesho yake baada ya Alfajiri Deka alikwenda shimoni, na mara hii hakufuta kitu. Alipiga moyo konde, akaketi kwenye jerikeni, akaangalia kona yake ya tope. Alitaka kumwona kwa macho, ili atakapokwenda kusema awe na jambo jipya la kusema. Mwanga ulikuwa wa kijivu. Gari jeupe lilikwisha kufika.

Kukuziwa akatoka. Hakukuwa na kishindo wala kutikisika kwa tete. Palikuwa na tope, kisha palikuwa na ndege juu ya tope. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Madoa meupe yalimjaa shingoni na kifuani. Alitembea polepole akiinua mkia, akiweka mguu wa kulia, kisha wa kushoto, ule wenye vidole viwili, na alipouweka aliegemea nje kidogo, vile vile Warsame alivyoegemea akipanda ngazi ya duka la unga. Alisimama mbele ya Deka, karibu kiasi cha mkono. Akamwangalia kwa jicho moja.

Hakutaja nasaba. Aliimba, kwa sauti isiyofunikwa tena na kitambaa.

Ulikuwa wimbo wa kunyweshea. Katika visima virefu vya huko kwao, wanaume husimama ndani ya kisima, mmoja juu ya mwingine, wakirushiana ndoo, na ndoo haiendi bila wimbo. Mmoja huanza, mwingine hujibu, na jibu ndilo linalopokea ndoo. Asipojibu, anayerusha harushi tena, maana hajui kama mikono ya mwenzake iko tayari. Ndugu wa nyumba moja hunywesha pamoja tangu utotoni na kila mmoja ana sehemu yake, haibadilishwi. Deka aliolewa huko na alizisikia sehemu zao mara nyingi. Warsame, aliye mkubwa, alianza. Najib alijibu.

"Wamefika wenye kiu," kukuziwa aliimba.

Akanyamaza, kichwa kimeinama upande, akisubiri. Nafasi ya jibu ilipita tupu. Jibu lilikuwa maneno mawili tu, "Wanywe, tupo," na Deka alilijua kama alivyojua jina lake.

"Wamefika wenye kiu," ndege aliimba tena. Akasubiri tena.

Deka alitamani kumjibu kuliko alivyowahi kutamani chochote. Ng'ambo, kioo cha gari kilishuka kidogo, na kitu cheusi cha mviringo kikaegemezwa juu ya kioo, kikielekea upande wake. Deka aliweka mikono yake magotini. Aliangalia maji. Ndege aliimba mara ya tatu, akasubiri kwa muda mrefu, kisha akageuka na kurudi ndani ya tete.

Nyumbani aliwakuta wote wawili chumba cha nyuma, na mtoto katikati yao.

"Nimemwona," Deka alisema. "Ni Warsame. Anaanza wimbo wa kisimani na hakuna anayemjibu."

Hawo alisema kwamba sisi ni wa Mungu na kwake tutarejea. Ilhan alimkumbatia Deka shingoni, akalia kwa sauti, akasema pole, abaayo, pole dada, wallahi pole. Naye alipokuwa akilia hivyo, maziwa yakamtoka. Yalilowesha kifua cha dera lake na yakalowesha na bega la Deka. Safiyo alinusa, akaanza kurusha miguu. Deka alisogea pembeni ili mtoto anyonyeshwe.

Matanga yalifanyika bila turubai na bila viti vya kukodi. Majirani walikuja mmoja mmoja, kila mmoja na kikombe cha sukari mkononi kama aliyekuja kuazima. Deka alivaa nyeupe ndani na buibui nyeusi juu yake, isionekane kutoka barabarani. Akaingia eda, miezi minne na siku kumi, asitoke nyumbani bila dharura. Kwa hiyo kwenda shimoni sasa ilikuwa kazi ya Ilhan.

Ilhan aliacha kuogopa matete. Kila jioni alikwenda, akakaa na jerikeni lake pale pale kwenye kona ya Deka, akasikiliza. Aliporudi, Hawo alimuuliza swali lile lile.

"Amejibiwa?"

"Hakujibiwa, hooyo."

"Alhamdulillahi," alisema Hawo.

Hilo ndilo lililokuwa tumaini la nyumba ile, ukimya baada ya wimbo. Maadamu Warsame aliimba peke yake, Najib alikuwa mahali fulani akipumua. Ilhan alinenepa. Alicheka mara moja mbele ya Deka akaziba mdomo. Deka alimpenda kama mdogo wake, na kuna jioni alimchukia, na jioni hizo alimpikia anjera laini zaidi. Alisikiliza kikao kile cha maswali na majibu akiwa nyuma ya pazia. Mumewe alikuwa akiita kila siku kwenye baridi ya jioni, na watu wake mwenyewe walikuwa wakishukuru kwamba haitikiwi.

Ramadhani ikaingia, ikakaribia kuisha. Mwalimu Aden alituma salamu kwamba ndege wamenona, na kwamba wakishanona hawakai, wataondoka na upepo wa kwanza baada ya Idi. Ilhan alizileta habari hizo nyumbani mbio mbio. Wakiondoka bila jibu, Najib yu hai mpaka Novemba. Alinunua hina. Aliitia kwenye mikono ya Safiyo kwanza, kidoa kimoja kila kiganja.

Jioni hiyo upepo uligeuka. Deka alikuwa uani anakaanga sambusa za futari. Hawo alikuwa kwenye jamvi, akihesabu tasbihi. Ilhan alikuwa shimoni. Vyura walisikika, kisha wakanyamaza, na kukuziwa wakaanza zamu zao, nasaba moja baada ya nyingine, zikija na upepo juu ya mapaa ya mabati. Mwaka huu zilikuwa nyingi kuliko mwaka jana. Mwisho kabisa ikaja sauti ya Warsame, ikiegemea upande mmoja kama mguu wake.

"Wamefika wenye kiu."

Deka alishika kijiko. Alikwisha kuzoea urefu wa kimya kile, tangu jioni zile upepo ulipomletea. Alijua kinapoanzia na kinapoishia.

"Wanywe, tupo," ikasema sauti nyingine.

Ilikuwa sauti nene ya kijana aliyezoea kudai chai iongezwe sukari. Ilitoka upande ule ule wa tangi. Warsame alianza tena, upesi zaidi, na sauti ile ikajibu upesi zaidi, na wimbo ukashika mwendo wake, kuitana na kuitikiana, kama ndoo zilikuwa zikipanda. Haukuwa wimbo wa huzuni. Ni wimbo wa kazi.

Tasbihi ya Hawo ilikuwa imesimama. Kidole chake kilikaa juu ya punje moja. Deka hakumwangalia, na Hawo hakumwangalia Deka. Sambusa ziliungua upande mmoja, Deka akazigeuza. Baadaye tasbihi ikaanza kutembea tena. Upepo ukapungua. Mahali fulani barabarani gari lilipita polepole, likapunguza mwendo mbele ya duka la unga, likaendelea. Wote wawili walingoja mpaka mlio wake ulipoisha.

Adhana iliadhiniwa. Ilhan akaingia na jerikeni lake. Alilisimamisha pembeni ya mlango mahali pake pa siku zote, akavua kandambili, akamchukua Safiyo kutoka kwenye jamvi na kumweka begani, uso wa mtoto ukimficha wake.

"Amejibiwa?" Hawo aliuliza.

"Hakujibiwa, hooyo," Ilhan alisema.

"Alhamdulillahi," alisema Hawo. Alichagua tende iliyo laini, akampa. "Fungua saumu. Kesho utakwenda tena."

Ilhan aliila tende akiwa amesimama. Deka aliweka sinia chini, akafuta mikono, akaenda mlangoni. Kandambili moja ya Ilhan ilikuwa safi. Nyingine ilikuwa na tope zito upande mmoja. Deka aliichukua, akaipeleka kwenye bomba, akaiosha kabla tope halijakauka.